John Ainsworth na jeshi lililozama katika masika

Mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kwamba Napoleon Bonaparte hakushindwa Urusi kwa mizinga peke yake. Mwaka 1812 aliingia katika nchi ile na jeshi la watu zaidi ya 400,000, na ilipofika Desemba waliovuka mpaka kurudi walikuwa masalio tu. Wengine walikuwa wamekwisha angamizwa na njaa, maradhi na baridi. Tangu wakati huo majira ya baridi kali yamehesabiwa kuwa jemadari asiyepokea amri ya mfalme yeyote. Ni somo zuri. Hata hivyo, kwa kijana aliyekulia Kisumu, Siaya au Homa Bay, theluji ni jambo la vitabuni. Je, sisi hatukuwa na jemadari wetu wa namna hiyo? Tulikuwa naye. Jina lake ni masika, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yeye na maradhi aliyoandamana nayo waliwaua wanaume wa ufuo huu wa Ziwa Victoria wengi kuliko waliouawa na risasi za Mjerumani.

Njia iliyo bora ya kulifahamu jambo hili ni kuyafuata maisha ya mtu mmoja aliyeishi Kisumu na ambaye jina lake halikosekani katika vitabu vya historia ya Kenya: John Ainsworth. Wako wanaomsifu kuwa alikuwa rafiki wa Mwafrika katika siku ambazo marafiki wa aina hiyo walikuwa adimu. Wako pia wanaomhesabu miongoni mwa wale waliotusukuma mashambani kwa walowezi kama mifugo. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba hapo hasa ndipo lilipo somo lake.

Ainsworth alizaliwa mwaka 1864 karibu na mji wa Manchester, Uingereza. Hakuwa mtoto wa kabaila wala hakupitia vyuo vikuu vilivyowaandaa mabwana wa dola. Akiwa bado kijana alikwenda Kongo kufanya kazi ya biashara, na mwaka 1889 akajiunga na kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa hati ya kuitawala Afrika Mashariki. Mwaka 1892 aliwekwa Machakos, akakaa huko miaka kadhaa akijifunza namna ya kuzungumza na wazee, kununua chakula na kuwaajiri wapagazi. Serikali ya Uingereza ilipoichukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni mwaka 1895, naye akachukuliwa pamoja nayo. Mwaka 1899 aliyahamisha makao yake kutoka Machakos hadi Nairobi, wakati ambapo Nairobi ilikuwa kambi ya reli katika kinamasi, na anasifiwa kwa kuipandia mikalitusi.

Mwaka 1907 alihamishiwa Kisumu kuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, na Kisumu ilikuwa lango la kutokea na kuingilia: meli za ziwa upande mmoja, magari ya moshi upande wa pili. Ainsworth alitambua jambo ambalo wakubwa wenzake wengi hawakutaka kulitambua, yaani kwamba utajiri wa nchi hii ungeweza kutoka katika shamba la mwenyeji mwenyewe, si katika shamba la mlowezi pekee. Aligawa mbegu za pamba, simsim na mahindi, akahimiza barabara zichongwe, na kwa muda mfupi mazao ya Nyanza yakawa shehena ya kuaminika katika reli. Tume ya kuchunguza uhaba wa vibarua ilipokaa mwaka 1912 na 1913, na walowezi wakadai Mwafrika asukumwe kwa kodi na kwa kunyimwa ardhi ili aende kuwafanyia kazi, Ainsworth alisimama upande wa mkulima wa Nyanza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu anayelima kwake hawi mvivu ati kwa sababu halimi kwa mwingine.

Huyo ndiye mtu aliyekutwa na vita Agosti 1914. Jimbo lake lilipakana na himaya ya Wajerumani, na mwezi uliofuata Wajerumani wakaingia Kisii. Askari wa Keya walivushwa ziwa kutoka Kisumu kwenda kuwakabili, na tarehe 12 Septemba pakatokea mapigano makali yaliyowarudisha wavamizi kwao. Abagusii, walioona serikali imekimbia, walizichukua mali zilizoachwa mjini, nao wakaadhibiwa vikali baada ya serikali kurejea. Juni 1915 ilikuwa zamu ya Waingereza kuvamia: jeshi lilipakiwa katika meli hapa Kisumu, likavuka ziwa na kuuteka mji wa Bukoba kwa siku chache, kisha likarudi. Kwa mtazamaji wa juu juu, vita vilikuwa jambo la meli na bunduki. Kwa wanaume wa Nyanza vilikuwa jambo la kichwa na mabega.

Mwalimu awaeleze wanafunzi wake kwa nini. Majeshi ya Ulaya yalivutwa na reli, malori na farasi. Katika nchi iliyo kusini ya Kilimanjaro reli zilikuwa mbili tu, barabara za malori hazikuwapo, na ndorobo aliwaua wanyama. Farasi, nyumbu na punda waliingizwa kwa makumi ya maelfu, wakafa kwa makumi ya maelfu. Aliyebaki ni mpagazi. Mpagazi naye ana hesabu yake, na hesabu hiyo haina huruma. Tuseme anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya askari ikiwa mwendo wa siku kumi, basi kwenda na kurudi atakula kilo 20, naye atawafikishia askari kilo 5 tu. Umbali ukifika siku kumi na mbili na nusu, atafika mikono mitupu, kwa maana mzigo wote utakuwa chakula chake mwenyewe. Ndiyo maana kila hatua ambayo jeshi lilisonga mbele ilidai wapagazi zaidi wa kuwalisha wapagazi waliotangulia.

Hesabu hiyo ni ya kiangazi. Mvua ikinyesha, siku kumi huwa ishirini. Njia hugeuka matope yanayofika magotini, mito hufurika, madaraja ya miti huchukuliwa na maji, na gunia la unga hulowa na kuoza kichwani mwa anayelibeba. Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza katika mwaka 1916, alilipata onyo hilo mapema. Aprili mwaka huo kikosi chake kiliiteka Kondoa Irangi, na masika yakakifungia huko. Askari walinusurika kwa yale machache yaliyoletwa juu ya vichwa vya watu. Hata hivyo aliendelea kusonga mbele. Januari 1917, akiwa ameteremka hadi Rufiji, aliuacha uongozi na kwenda London, na ikatangazwa huko kwamba vita vya Afrika Mashariki vilikuwa karibu kwisha. Nyuma yake mvua zikafunguka, mvua kubwa kuliko kawaida, na bonde zima la Rufiji likawa bahari. Askari ng'ambo ya mto walipunguziwa posho hadi wakawa wanatafuta mizizi na matunda ya mwituni. Ikiwa aliyeshika bunduki alilala njaa, sembuse aliyembebea risasi.

Na hapa tufahamu vizuri jinsi masika yanavyoua, kwa sababu hayaui kwa maji. Mpagazi hufika kambini jioni, amelowa, hana blanketi la pili wala hema. Hupewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Kuni ni mbichi, sufuria ni moja kwa watu wengi, na uchovu umemzidi. Basi huula ule unga haujaiva. Aliyezoea mtama, wimbi au ndizi, tumbo lake halikuzoea mahindi hata yakiiva, sembuse yakiwa mabichi. Matumbo yakikwaruzwa hivyo siku baada ya siku huja kuhara damu, na mwili uliokwisha nguvu kwa kuhara hauwezi kuyastahimili malaria ya bondeni wala homa ya mapafu iletwayo na baridi ya usiku. Daktari ataandika katika daftari kwamba mtu amekufa kwa maradhi. Ukweli ni kwamba amekufa kwa kukosa kuni kavu, sufuria na blanketi.

Wakati huo huo Jenerali Hoskins, mrithi wa Smuts, alidai aletewe wapagazi wapya wapatao 160,000. Sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu ilikuwapo tangu mwaka 1915, lakini sheria peke yake haitoi watu vijijini. Alihitajiwa mtu ambaye machifu wangemsikiliza na maofisa wa wilaya wangemheshimu. Machi 1917 serikali ikamtoa Ainsworth Kisumu na kumpa cheo cha Kamishna wa Kazi za Jeshi pamoja na ukanali. Kwa miezi michache iliyofuata palikuwa na ukusanyaji wa watu ambao nchi hii haijapata kuuona tena. Machifu walipewa idadi za kutimiza. Wazee wa mabaraza waliwatoa wana wa wasio na uwezo kabla ya kuwatoa wana wao. Vijana walijificha porini, wengine wakakamatwa usiku. Watu zaidi ya 100,000 walipatikana katika nchi yote, na tangu mwanzo wa vita hadi mwisho hapana jimbo lililotoa wapagazi wengi kuliko Nyanza. Mtu yule yule aliyewagawia mbegu ndiye sasa aliyewachukua wapandaji.

Haki inatutaka tuseme pia aliyoyafanya baada ya kuwachukua. Ainsworth alishirikiana na Oscar Watkins, aliyekuwa akiwaongoza wapagazi tangu mwaka 1914, mtu aliyekijua Kiswahili barabara na aliyekuwa akigombana na majenerali tangu siku nyingi kwa ajili ya watu wake. Watkins alikuwa na maarifa lakini hakuwa na cheo cha kutosha. Ainsworth alikuja na cheo. Madaktari walitakiwa kuwapima watu kabla ya kuwapeleka, na wengi walirudishwa makwao kwa udhaifu. Posho iliangaliwa upya. Wapishi waliwekwa ili mpagazi akute chakula kilichoiva, na hospitali za wapagazi zikapanuliwa. Hayakuwa mambo makubwa katika macho ya wapanga vita, wala hayataji ramani au mbinu. Lakini jeshi lolote linalopigana katika hali mbaya ya hewa, iwe theluji ya Urusi au matope ya Rufiji, hujengwa juu ya mambo hayo: chakula cha moto, nguo kavu, na mtu wa kusikiliza mgonjwa anaposema ni wapi panapomuuma.

Kuhusu hilo la mwisho mwanaisimu hana budi kutia neno. Kambini walikutana Wajaluo, Abagusii, Waluhya, Wakamba, Wagikuyu na wengine wengi, na daktari Mwingereza katikati yao. Lugha iliyowezekana ilikuwa Kiswahili. Wengi walikianza kukisema wakiwa wamebeba mzigo au wamelala hospitalini, na waliorudi walirudi nacho. Hata jina la kikosi chao, Carrier Corps kwa Kiingereza, likatafunwa na ndimi zetu hadi likawa Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, mahali palipokuwa na kambi zao. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa katika masoko hayo bila kukumbuka kwamba wanalitaja jeshi la wafu.

Basi tumhukumu vipi Ainsworth? Yapo mabano mepesi ya kumweka: mwema katika mfumo mbaya. Lakini naona jibu hilo linatuponya upesi mno. Tutazame mambo yalivyokwenda. Kama wapagazi wangeendelea kufa kama walivyokuwa wakifa, na kama machifu wangemkataa mkusanyaji asiyemfahamu, huenda jeshi lingekwama na majenerali wangelazimika kusubiri. Wema wa Ainsworth, maarifa yake na imani waliyokuwa nayo watu kwake ndivyo vilivyoiwezesha mashine kuendelea kuzunguka. Alipunguza vifo katika kila watu mia, lakini aliongeza idadi ya mamia. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, yaani wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kumbukumbu za jeshi lenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Sehemu kubwa ya ujira wa marehemu haikuwafikia warithi wao kamwe.

Baada ya kazi ile Ainsworth alipandishwa kuwa msimamizi mkuu wa mambo ya Waafrika katika nchi nzima. Hapo ndipo mtu angetazamia kwamba sauti ya mwaka 1913 ingesikika tena. Haikuwa hivyo. Njaa na homa ya mafua ya mwaka 1918 vilikuwa vimezipiga nyumba zilizokwisha kupoteza wanaume. Juu ya hayo Gavana Northey na walowezi walidai vibarua. Oktoba 1919 waraka ulitoka serikalini ukiwaagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na uliotia saini waraka huo ni mkono wa Ainsworth. Wamisionari walilalamika, na kelele zikafika bungeni London. Kipande nacho, kilichotungiwa sheria mwaka 1915, kikaanza kutundikwa shingoni mwa watu waliokuwa wamerudi kutoka vitani. Ainsworth alistaafu mwaka 1920. Mwishoni mwa mwaka uliofuata vijana wasomi wa Nyanza walikusanyika Lundha, Gem, wakaanzisha chama ambacho wananchi walikiita Piny Owacho, wakapinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Hawakuhitaji tena rafiki wa kuwasemea.

Naye akaenda kuishi Somerset West, Afrika Kusini, akafa huko mwaka 1946. Aliishi muda wa kutosha kusikia kwamba mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma, katikati ya mvua za monsuni zilizo kali kuliko masika yetu. Safari hii chakula na risasi viliangushwa kwa ndege, na dawa za malaria zilinywewa kwa amri. Maradhi yalikuwapo, lakini jeshi halikuzama. Majenerali walikuwa wamejifunza kwamba hali ya hewa haishindwi kwa ushujaa, hushindwa kwa matayarisho. Walioilipia karo ya somo hilo walikuwa wamelala Rufiji, Kilwa na Lindi.

Jijini Nairobi, kando ya barabara ya Kenyatta, imesimama sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo, na mpagazi yumo miongoni mwa waliochongwa. Hana jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita ile hawakupewa makaburi wala majina kama walivyopewa wenzao wa Ulaya. Kukiri ni mwanzo, lakini majina hayataandikwa na watu wa London. Yamo katika nasaba za nyumba za Alego, Nyakach, Kitutu na Bunyore, katika yule babu wa babu anayetajwa kwamba alikwenda na wala hakurudi.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa historia wa Nyanza wafanye jambo moja muhula huu. Wakimaliza kumfundisha Napoleon na theluji yake, wamwambie kila mwanafunzi aende nyumbani aulize ni nani katika ukoo wake alichukuliwa mwaka 1917, alitoka kijiji gani, na kama alirudi. Mwanafunzi aandike jina hilo kwenye daftari lake. Maisha ya Ainsworth yameandikiwa kitabu kizima, na hakuna ubaya katika hilo, maana yanafundisha. Aliowabebesha mzigo nao wanastahili angalau mstari mmoja kila mtu.